Slaidi za Ijumaa

Miezi michache iliyopita vijana wa chuo kimoja hapa Migori waliniita niwazungumzie juu ya kazi ya utafiti. Walinipa kiti cha mbele, chupa ya maji, na utangulizi mrefu ulionifanya nigeuke nyuma kuona anayesifiwa ni nani. Baadaye kijana mmoja akasimama na simu mkononi, akawasomea wenzake makala yangu ya Magunga imenukuliwa na watafiti wangapi duniani, kisha akaniuliza, "Daktari, formula ni gani? Mtu anafanya aje ndio watu wamcite hivyo?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikawachekesha zaidi: nikamwambia siri ni kuandika kichwa kifupi cha makala na kuishi muda mrefu. Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani Awendo na zawadi ya kikombe chenye jina la chuo, na mpaka leo sijakinywea chai.

Kijana yule alistahili jibu. Sikumpa kwa sababu nilikuwa mbele za watu, na mbele za watu mimi ni mwoga, ingawa sionekani hivyo. Namwandikia sasa, yeye na ninyi wenzake mnaoingia katika kazi hii mkiwa na macho mazuri na haraka nyingi. Someni polepole, kwa sababu mimi nitarukaruka.

Nilipoanza kazi katika kituo cha utafiti kule Homa Bay nilikuwa na shahada mbili na viatu vipya. Kazi yetu ilikuwa minyoo. Tulizunguka shule za msingi tukigawa vikopo, watoto wakaturudishia vikopo hivyo vikiwa na kinyesi, nasi tukatafuta mayai ya minyoo kwa hadubini. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari, na walipouliza wa nini, alibadilisha mazungumzo.

Hapo ndipo nilipomkuta Zablon, fundi wa maabara, Msabato wa Ogwedhi, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za kwenda vijijini. Kila aliyetoka chuo kikuu yeye alimwita Daktari, awe amefikia udaktari au hajafikia. Wiki ya kwanza nilihesabu mayai kumi na saba katika slaidi moja, nikafurahi, nikamwita aje ashuhudie. Aliinama kwenye hadubini.

"Daktari," akasema, "hivi ni viputo vya hewa. Umehesabu hewa kumi na saba."

Hakumwambia mtu. Alinivutia kiti, akanifundisha upya. Anza kona ya juu kushoto, uteremke kama mtu anayelima na ng'ombe, usiruke mstari. Usinywe chai karibu na hadubini, na hapo hoja haikuwa uchafu: ukinywa chai utaongea, na ukiongea utahesabu yai moja mara mbili. Ukichoka, sema umechoka, mwenzako achukue. Mambo hayo sikuyaona katika kitabu chochote, na nilivisoma vingi.

Lakini kubwa zaidi alilonifundisha ni saa. Sisi tulichukua kinyesi kidogo, tukakiweka kwenye slaidi, tukakifunika kwa kipande cha plastiki kilicholowekwa glisirini. Glisirini husafisha uchafu polepole hadi mayai yaonekane wazi. Yai la kichocho lina ganda gumu. Litakungoja siku nyingi. Yai la safura lina ganda jembamba. Ukichelewa zaidi ya saa moja hivi, glisirini hulisafisha nalo pia, ukaangalia usione kitu, ukaandika sifuri kwa moyo mweupe kabisa.

"Safura haina subira," Zablon alikuwa akisema, huku akiweka saa yake ya mkononi mezani.

Kwa wasioijua, safura ni mnyoo unaoingia kwa nyayo za mtoto asiye na viatu, ukasafiri hadi utumboni, ukakaa huko ukinywa damu. Mtoto hapigi kelele. Anakuwa mweupe machoni, anachoka, analala darasani, na mwalimu anamwita mvivu.

Sasa niwaambie jinsi nilivyokuwa mkubwa. Nilikwenda kusoma shahada ya uzamivu, nikarudi Daktari wa kweli, nikapewa mradi wangu mwenyewe na ofisi yenye pazia. Tangu siku hiyo sikuketi tena mbele ya hadubini. Hakuna aliyenikataza. Niliona tu kwamba watu wa cheo changu hawakai pale, na mimi nilitaka kufanana nao. Nilipopita maabara nilimgonga Zablon begani nikamtania, "Umeona nini leo?" naye akajibu, "Nimeona yaliyopo, Daktari."

Mradi wangu ulikuwa na shule kadhaa za kando ya ziwa na shule moja ya Magunga, kule upande wa Ruma. Shule za ziwani tulizifanya siku za katikati ya juma, tukasoma slaidi hapohapo darasani. Magunga ilibaki Ijumaa, kwa kuwa siku nyingine gari lilikuwa la watu wa utafiti wa mbu. Barabara ilikuwa mbaya, tukafika saa tano. Hadi vikopo vikusanywe na slaidi zianze kutengenezwa, ilikuwa saa nane. Zablon alitaka awe nyumbani Homa Bay, ameoga na amekaa na watu wake, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mtu mmoja hangeweza kuzisoma zote akawahi.

Alinifuata nilipokuwa nimeketi na mwalimu mkuu tukinywa chai.

"Daktari, ziko nyingi. Tukisoma wawili, saa kumi tumemaliza. Hadubini ya pili iko kwa gari."

Nakumbuka kikombe kilikuwa bado na chai nusu. Nikamwambia atengeneze zote, azipange kwenye sanduku, atazisoma Jumapili akiwa ametulia.

"Safura haitangoja Jumapili," akasema.

"Basi tutaona," nikamjibu, kwa ile sauti ambayo wakubwa huitumia kufunga mazungumzo. Nikamtania pia kwamba Mungu wake hawezi kumwona akiwa ndani ya hadubini. Hakucheka. Alirudi darasani, akatengeneza zote, akazipanga. Tulikwenda Magunga Ijumaa nyingi, na Ijumaa zote tulifanya hivyohivyo. Baada ya ile ya kwanza hakunikumbusha tena.

Nataka hapa mnielewe vizuri, maana nimewasikia watu walioisikia habari hii nusu wakilaumu Sabato ya mtu. Sabato ya Zablon ilijulikana tangu siku alipoajiriwa. Mwenye macho mawili yasiyo na kazi siku ile nilikuwa mimi.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Madam Rosa, mama mnene mwenye sauti ya kuita watoto toka ng'ambo ya uwanja. Siku moja alinishika mkono akanipeleka darasa la tatu.

"Daktari, hawa watoto wananikulia ukuta."

Nikadhani ananitania. Akanionyesha. Ukuta ulikuwa wa udongo, na kwa kimo cha mtoto wa darasa la tatu palikuwa na shimo lililochimbwa kwa kucha, laini, pana kama sinia. Madam alisema akigeuka ubaoni tu, mikono inaingia. Ninyi mliosoma mnajua maana yake: mtoto aliyepungukiwa damu hutamani udongo. Mimi pia nilijua. Lakini kichwani nilikuwa na jambo lingine. Matokeo ya Zablon yalionyesha kichocho tele Magunga, na safura hakuna kabisa, ilhali shule za ziwani zilikuwa nayo. Nilikuwa nimeanza kujenga hoja kwamba udongo mweusi mzito wa upande ule hauufai mnyoo wa safura, na kwamba mnyoo huo unapenda udongo wa kichanga wa ziwani. Hoja nzuri sana. Nilitoa bahasha mfukoni, nikakwangua udongo kidogo kutoka katika shimo lile la watoto, nikaenda nao kuupima ili kuthibitisha hoja yangu.

Madam Rosa aliniangalia nikikwangua. "Na majibu mtatuletea?" akauliza.

"Tutaleta, Madam."

Niliiletea shule barua, nimetia sahihi na muhuri wa kituo. Ilisema shule hiyo haina safura.

Makala yenyewe niliandika kwa wiki tatu. Sehemu ya kueleza mbinu sikuiandika upya. Nilichukua ya makala yangu ya zamani nikaipachika, kama tunavyofanya wengi, na nawaomba ninyi msifanye. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: slaidi zote zilisomwa ndani ya saa moja. Ningependa kuwaambia kwamba niliisahau. Sikuisahau. Nilipoifikia nilisimama kidogo, nikakumbuka saa ya Zablon juu ya meza, nikaendelea mbele.

Kisha nikafanya jambo nililoliona la kiungwana sana. Siku zile mafundi wa maabara walishukuriwa tu mwishoni, kwa herufi ndogo. Mimi nilimwita Zablon ofisini, kwenye pazia, nikamwambia nataka awe mwandishi mwenzangu, jina lake liandikwe juu pamoja na langu. Nilitazamia machozi.

"Hapana, Daktari," akasema. "Wewe endelea. Jina langu usiliweke hapo."

"Kwa nini, Zablon? Ni haki yako."

"Mimi najua kusoma slaidi tu."

Nilisimulia kisa hicho miaka mingi. Katika karamu, katika hotuba, hata katika kikao cha kunipandisha cheo, nilimtaja kama mfano wa unyenyekevu wa watu wa dini. Watu walitikisa vichwa kwa kuguswa. Nami niliguswa, tena kila mara.

Makala ilitoka, ikapendwa. Wenzetu wa nchi nyingine waliipenda hoja ya udongo kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Enzi zile hukujua umenukuliwa hadi jarida lifike kwa posta, ukapekua orodha ya marejeleo mwishoni kwa kidole ukitafuta jina lako, na ukiliona unatazama huku na huku kama umeokota kitu. Baadaye ikaja kompyuta, hesabu ikawa inajipandisha yenyewe, na mimi nikawa naifungua kila asubuhi kabla ya salamu. Makala ile moja ilinipa cheo, safari, na kiti katika kamati. Wale waliokuja kugawa dawa za minyoo mashuleni walichora ramani yao wakitegemea makala kama zetu. Magunga wakaiandikia dawa ya kichocho peke yake. Kila walipokuja waliwasimamisha watoto kwenye mti wenye alama za urefu, wakawapa vidonge vikubwa vya kichocho kulingana na kimo. Vidonge hivyo haviui safura.

Mtataka kujua ni lini nilijua kwa hakika. Kuna siku, miaka michache kabla sijastaafu, kituo kilihamia jengo jipya tukapanga vitu katika maboksi. Kitabu cha maabara cha mradi wangu kilinifikia mkononi. Nikakifungua. Zablon alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko wake wa kusimama wima: shule, namba ya mtoto, saa slaidi ilipotengenezwa, saa iliposomwa. Kwa shule za ziwani palikuwa na dakika thelathini, arobaini. Kwa Magunga, safu nzima, ukurasa baada ya ukurasa: imetengenezwa Ijumaa, imesomwa Jumapili. Hakuficha na hakupiga mstari kwa kalamu nyekundu. Aliandika yaliyopo.

Nilikaa juu ya boksi. Wakati ule ningeweza kuandika barua moja kwa jarida, aya mbili. Nilijiambia mengi: kwamba ni zamani, kwamba wengine wameshapima tena pengine, kwamba nitaumiza kituo. Ukweli ni kwamba niliogopa kuipoteza ile hesabu ya asubuhi. Nikakirudisha kitabu ndani ya boksi, nikalifunga kwa gundi ya karatasi, nikaandika juu yake "Mafaili ya zamani". Nasikitika hapo kuliko mahali pengine popote, kuliko hata siku ya kikombe cha chai. Siku ya chai nilikuwa mvivu. Siku ya boksi nilikuwa najua.

Nikastaafu. Nikaagwa kwa keki. Nikaja hapa Awendo kulima miwa kidogo na kugombana na ndege.

Kisha akaja Atieno. Ni binti wa marehemu kaka yangu, na kwa desturi yetu ananiita Baba. Anasomea shahada ya pili, anachunguza upungufu wa damu kwa wajawazito wa Suba Kusini, Magunga ikiwemo. Aliingia na kompyuta yake ndogo, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Baba, hii paper yako nimeisoma karibu mara kumi. Inasema Magunga hakuna safura. Sasa mbona damu ya hawa wamama iko chini hivi? Nimetafuta sababu nimekosa."

Nikamwambia mambo ya malaria, mambo ya chakula. Alikuwa na majibu ya yote hayo. Kisha akatoa simu.

"Tena nilienda kwa ile shule. Mwalimu mkuu mpya akaniambia, madam, sisi hapa safura hatuna, tuko na barua. Akanionyesha. Ona."

Ilikuwa picha ya ukuta wa ofisi. Barua yangu ilikuwa ndani ya fremu, chini ya picha ya rais, sahihi yangu bado nyeusi. Madam Rosa alikuwa ameitia fremu kabla ya kustaafu. Atieno akasukuma picha ya pili kwa kidole. Darasa la tatu sasa ni la matofali, lakini jiko la shule ni la udongo, na kwenye ukuta wake palikuwa na shimo, laini, kwa kimo cha mtoto.

"Hapa sijaelewa ni nini," akasema.

Nilielewa. Wale wamama wake wenye damu kidogo, wa umri ule, wa kijiji kile: baadhi yao walinipa vikopo Ijumaa. Sasa nao wana watoto, na watoto wanakwangua jiko. Nilimwambia Atieno yote, toka hewa kumi na saba hadi boksi. Nilipomaliza alifunga kompyuta.

"Baba," akasema, "mimi nilikuwa naijenga thesis yangu juu ya hii." Akaenda kuosha vikombe, na hakurudi kukaa.

Kesho yake nikaanza kuandika sahihisho la kupeleka kwa jarida. Nusu ukurasa ulinichukua siku kumi. Nikauchukua nikaenda Ogwedhi kumtafuta Zablon.

Anaishi nje kidogo ya soko la mifugo, ana ng'ombe wanne na macho yaliyoingia ukungu. Hadubini ilimla macho, au pengine ni umri tu. Alinitambua kwa sauti. Tulizungumzia watoto, mvua, bei ya madume. Kisha nikamwambia nilichokuja nacho.

"Soma," akasema, akageuza sikio.

Nikasoma: kwamba kuna uwezekano wa kucheleweshwa kwa usomaji wa baadhi ya slaidi za shule moja.

"Uwezekano?"

Nikakata kwa kalamu. Nikaandika kwamba slaidi zote za Magunga zilitengenezwa Ijumaa na kusomwa Jumapili, na kwa hiyo makala haiwezi kusema lolote juu ya safura pale. Nikasoma tena. Aliitikia kwa kichwa polepole.

"Na kwamba nilikuambia, umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Ng'ombe mmoja alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya boma, nikamtazama huyo.

"Sijaandika, Zablon."

"Mimi miaka hiyo yote nilisikia unanisifia kwa watu," akasema bila hasira. "Ati sitaki jina kwa sababu ya unyenyekevu. Mimi sio mnyenyekevu, Daktari. Jina langu ni la baba yangu. Singeliweka kwa kitu ambacho sio kweli."

Nikaandika palepale, karatasi juu ya goti: kwamba fundi wa maabara alitoa tahadhari siku hiyohiyo, akapendekeza njia ya kuzisoma zote kwa wakati, nami nikakataa. Nikamsomea. Akaomba nirudie ile ya mwisho. Nikairudia.

"Hiyo sasa weka jina langu," akasema. "Andika yote matatu."

Kalamu ilisimama. Mtu niliyefanya naye kazi zaidi ya nusu ya maisha yangu, jina lake la tatu nilikuwa silijui. Nikamuuliza. Akanitajia, polepole, herufi kwa herufi, kama ananifundisha kusoma slaidi.

Sahihisho limechapishwa, nusu ukurasa, mwisho kabisa wa jarida. Wagawa dawa tumewaandikia. Wamejibu kwamba wamepokea. Mwalimu mkuu wa Magunga nilimpelekea barua nyingine kwa mkono wangu, nikamwomba aitoe ile ya kwanza kwenye fremu. Kuhusu kunukuliwa, mpaka ninapoandika haya sahihisho limenukuliwa mara moja, na Atieno. Makala ya Magunga yenyewe inaendelea kupanda. Wiki jana imeongezeka tena, na mtu fulani mahali fulani ameandika kwamba watoto wa udongo ule hawana safura.

Kijana uliyesimama na simu ukaniuliza formula: ukitaka kuninukuu, nukuu ile nusu ukurasa. Ina majina mawili, na la kwanza si langu.